Mzee wangu alikuwa ndani ya ile ndege: siku nilipomkutanisha na Bi Esha wa Nuzha, Jeddah

Wakuu, salamu kutoka Riyadh.

Mimi ni Mkenya, dereva, na kwenye jukwaa lenu hili kawaida nakuja kusoma na kucheka tu. Leo naandika. Haya nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyatafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Anayetaka kusema ni chai apite uzi mwingine, hatutagombana.

Kiswahili changu ni cha Kitale, mtanivumilia.

Iko hivi. Kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini huku, ni kampuni inayoleta mafundi na walimu kutoka nje. Nilipofika nilipewa kumwendesha Mmarekani mmoja mzee, mstaafu wa jeshi la anga la kwao, anafundisha vijana kukarabati ndege. Mrefu, nywele nyeupe, sikio moja halisikii vizuri, kwa hivyo anaongea kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ombe.

Kila baada ya muda ana kazi Jeddah. Na kupanda ndege hataki kabisa. Anataka gari.

Sasa kutoka Riyadh mpaka Jeddah ni jangwa tupu, mnatoka alfajiri mnafika jua linaelekea kuzama. Siku moja nikamtania, nikamwambia, "Mzee, umekula mshahara wa jeshi la anga maisha yako yote, halafu unaogopa ndege?"

Hakucheka. Akasema, "Siogopi. Nimeshiba."

Nikajua hapo kuna kitu, nikakaza macho barabarani.

Baadaye akaanza kufunguka mwenyewe. Kumbe wenzake wa kikosi wamempa kazi ya kuandika historia ya kikosi chao. Wamezeeka, wanakufa mmoja mmoja, na kila mwaka wale waliobaki wanakutana, wanakaa mezani, wanasoma majina ya waliokufa kwa sauti. Historia hiyo ilitakiwa isomwe kwenye reunion ya mwaka huo. Kwa hivyo njiani alikuwa anafungua laptop ananisomea. Mimi ndiye nilikuwa hadhira yake, mimi na ngamia.

Niwaeleze hiyo ndege kama alivyonieleza, maana bila hiyo hamtaelewa.

Ni ndege ya mizigo, kubwa, ya polepole. Wameitoboa ubavu wa kushoto na kutokeza bunduki na mzinga. Haipigi ikielekea mbele kama zile za kwenye movie. Inainama kushoto na kuzunguka kitu kimoja, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na silaha zote zinaangalia pale katikati. Hicho kitu kisipoondoka, na yenyewe haiondoki.

Walianza zamani, vita vya Vietnam, na ndege kuukuu ambazo wengine walikuwa wanazicheka. Halafu wakapewa kubwa zaidi. Kazi yao ni usiku tu, kwa sababu mchana mtu yeyote chini anaiona na kuipiga. Sheria yao ya kwanza: jua likikaribia kutoka, rudi nyumbani, hata kama kazi haijaisha.

Kwenye vita vya huku Ghuba ndege moja ya wenzao haikurudi mapema. Wanajeshi wa chini walikuwa wanaomba msaada, crew wakasema dakika kidogo tu. Jua likawakuta. Wote waliokuwemo walikufa.

Mzee akifika hapo huwa anafunga laptop mpaka tupate petrol station. Mimi nilikuwa namuonea huruma, nisiwadanganye. Alikuwa anawapenda wale watu.

Yeye hakuwa rubani. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya screen ya kamera inayoona joto. Mtu anaonekana mweupe, ardhi nyeusi. Hakuna sura, hakuna nguo, hujui mzee wala kijana. Alisema baada ya miaka unamjua mtu kwa mwendo wake tu.

Safari moja akaniuliza, "Wewe Mkenya, haya majina ya sehemu yanatamkwa vipi?"

Nikaangalia. Ni majina ya pwani ya Somalia, pale inapopakana na Kenya, na vijito vya mikoko. Nikamtamkia. Akarudia vibaya, nikamrekebisha, tukacheka. Akaniambia walifanya kazi pale usiku mmoja, wakati ule Wamarekani walipopiga mabomu upande wa Somalia, walikuwa wanawatafuta watu fulani. Kwenye laptop habari yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kazi ilikamilika, crew wote walirudi salama.

Basi. Sikuwaza kitu.

Sasa mimi ninakolala ni Malaz, hapa Riyadh, na mtaa huohuo kuna msichana wa kwetu Kenya, Zuhura, anafanya kazi za nyumba. Shangazi yake yuko Jeddah, Nuzha, mpishi kwa familia moja. Kila nikishuka Jeddah Zuhura ananipa kimzigo, na shangazi ananirudisha na mahamri. Huyo shangazi ndiye Bi Esha. Mama mtu mzima, Mbajuni, kwao ni vile visiwa vya juu kabisa karibu na mpaka. Mcheshi, anapenda kunisema kwamba nimekonda na Waarabu watanirudisha Kitale kwenye bahasha.

Safari ile nilimkuta getini kwa madam wake, nikampa mzigo, na mdomo wangu huu usiotulia nikasema, "Bi Esha, mzee wangu kwenu anapajua. Amewahi kupita na ndege yao usiku, wakati ule wa mabomu kule ng'ambo."

Nilisema kama utani tu, kumuonyesha dunia ni ndogo.

Yule mama alishika geti. Nilifikiri ni sukari imeshuka.

Akaniuliza, "Ndege ile ya kuzunguka?"

Nikasema ndiyo.

"Iliyokuwa ikizunguka mpaka watoto wakalala chini ya kitanda?"

Wakuu, hapo ndipo nilipotamani kurudisha maneno tumboni.

Akanieleza palepale getini. Mume wake alikuwa mkata boriti, zile nguzo za mikoko. Wiki ile alikuwa amevuka upande wa pili wa mpaka na wenzake na boti. Hawakurudi. Maiti haikupatikana, boti haikupatikana, hata shoka halikupatikana. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ananyonya wakati huo, leo ana ndevu.

Ndugu za mume wakasema yuko hai, ameoa Kismayu. Kila mwaka anatokea mtu wa kusema amemwona sokoni Kismayu, amenenepa.

Wakamwambia aende kwa kadhi avunje ndoa, akakataa. Alisema hawezi kumwacha mtu ambaye labda alikufa akimwita.

Mimi ni Mkristo, mambo mengine sikuyajua, akanifundisha. Mume akifa, mke anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato, anamlilia mume wake na watu wote wanajua huyu ni mjane. Yeye hakukaa. Utakaaje eda ya mtu ambaye hujui kama amekufa? Kwa hivyo miaka yote hiyo si mke, si mjane. Hajamlilia hata siku moja, kwa sababu kumlilia ni kama kumuua.

Akasema, "Mwanangu, mimi sitaki ugomvi na mtu. Muulize tu kama alimwona. Nataka kukaa eda yangu."

Njia ya kurudi nilimwambia mzee. Nilimwambia wazi, "Huo mstari wako mmoja una mtu chini yake, na mke wake namjua."

Akawa mwekundu. Akaniambia, "Wewe endesha gari."

Nikaendesha. Na mimi nilikuwa na hasira, sifichi. Mpaka Riyadh hata redio hatukuwasha. Nikajisemea halas, nimeshaharibu kazi, kesho kafili ananipa tiketi.

Tiketi haikuja. Safari iliyofuata, tumeshapita Taif tunashuka mlima, akauliza huku anaangalia nje, "Yule mama bado yuko?"

Ijumaa ile baada ya Alasiri, madam alimruhusu Bi Esha aende Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kununua viungo. Nikampeleka mimi. Nikaegesha pembeni, karibu na zile nyumba za mawe za zamani, kwenye kivuli. Mzee alikuwa mbele kando yangu. Bi Esha nyuma. Hakutaka kumwona uso na mzee hakugeuka. Mimi katikati nikitafsiri.

Alianza mama. Alikuwa amejiandaa, sauti imetulia kabisa.

"Mwambie walikuwa na boti imejaa boriti. Mwambie wakisubiri maji yajae huwa wanawasha moto mchangani wapike. Mwambie mume wangu alijikata na shoka ujanani, alikuwa akichechemea."

Nikatafsiri mpaka hapo. Mguu gani hakusema, na mimi sikuuliza.

Mzee akasema, "Wa kushoto."

Wakuu, nilishindwa kutafsiri. Maneno mawili tu na mimi nimekaa kama gogo. Bi Esha akanigusa bega kutoka nyuma. "Amesemaje?"

Nikamwambia.

Nikasikia pumzi yake ikitoka, ndefu, basi.

Mzee akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Alisema kulikuwa na moto na watu wameuzunguka. Mmoja aliinuka akaenda kwenye boti akarudi, anaburuta mguu wa kushoto. Ndani ya boti kulikuwa na vitu virefu vimepangwa, na kwenye screen kitu kirefu ni kitu kirefu tu, wakaamua ni silaha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaangalia. Alisema baada ya kupiga, kazi yake ilikuwa kuendelea kuangalia. Mtu akifa hapotei hapohapo kwenye screen. Anapoa polepole, weupe unaondoka, mpaka anakuwa rangi moja na mchanga.

"Nilibaki nikimwangalia mpaka akawa mchanga," akasema.

Nikatafsiri hilo nalo. Mnaweza kunilaumu. Lakini ningekata wapi? Yule mama alikuwa amengoja miaka, ningempa nusu?

Bi Esha akauliza kitu kimoja. "Aliteseka?"

Mzee akasema hapana. Haraka sana. Mikono yake ilikuwa imeukamata mkanda wa kiti, lakini mama alikuwa nyuma hawezi kuiona, nami nikasema hapana kama nilivyoambiwa.

Halafu mzee akaomba jina. Alitaka kuliweka kwenye historia ya kikosi, lisomwe siku ya reunion pamoja na majina ya wenzao.

Bi Esha akasema, "Mwambie nimemsikia. Lakini jina la mume wangu halitasomwa mezani kwa waliomuua." Akafungua mlango akaenda kununua viungo, maana alikuwa ameaga kwamba anaenda kununua viungo na hawezi kurudi mikono mitupu.

Ndiyo maana hata hapa sijaliandika.

Mzee hakumaliza ile historia. Aliniambia aliwapigia wenzake akawaambia watafute mtu mwingine. Mkataba wake ulipoisha akaondoka, tena kwa ndege, hakuwa na njia nyingine. Airport tulipeana mikono. Kumchukia siwezi, na kumsamehe si kazi yangu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Bi Esha alimpigia sheikh wa kwao. Alikuwa ameshanunua nguo nyeupe za eda hapo Balad, ameshaongea na madam kwamba kwa muda hatatoka getini. Madam wake si mbaya, alikubali na akalia naye. Zuhura alikuwa anapanga kumwambia kila mtu nyumbani wasome hitima.

Sheikh akamuuliza kama ana yakini. Akasema anayo.

Sheikh akamwambia, basi huna eda. Eda inahesabiwa kutoka siku mume alipokufa, si siku mke alipopata habari. Yako ilikwisha zamani sana, mwanangu. Uko huru, pumzika.

Sheikh alisema kwa upole, nafikiri aliona anamtua mzigo.

Bi Esha alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari Malaz. Alikuwa analia, mara ya kwanza namsikia analia, na maneno yanatoka vipande vipande. Alisema katika miezi ileile baada ya ndege, mdogo wake aliolewa. Yeye alijua mume yuko kwenye boriti, atarudi, alichelewa tu. Akatiwa hina mpaka magotini. Akavaa jasmini. Akacheza usiku mzima, akacheka.

"Kumbe nilikuwa kwenye eda ya mume wangu," akasema. "Nilikuwa kwenye eda nikicheza."

Nilisema pole, pole, pole, kama mjinga.

Somo nililopata mimi ni dogo. Mtu akikusomea historia ya ushujaa wake, msikilize, ana wafu wake pia. Lakini pale anapoandika mstari mmoja, muulize. Na ukijibiwa, usidhani jibu litamponya aliyelitaka.

Basi wakuu, karibuni, ila nawaomba msigeuze uzi huu kuwa ubishi wa Marekani na Waislamu, huo mnaweza kuufanya popote. Nauliza wenye elimu ya dini humu, kwa heshima, na nauliza kwa sababu mama mwenyewe kanituma: kuna namna yoyote mwanamke anaweza kuikaa eda iliyopita bila yeye kujua? Hata siku chache?

Nguo amezikunja, hajazirudisha dukani. Mkiandika nitamsomea.