Deki ya Sauti ya Kuzunguka

Nikiwa kijana, sijaoa bado, mjomba wangu alinituma na wenzangu wawili tupeleke dume la ng'ombe mnadani. Dume lenyewe jekundu, kichwa kigumu kuliko cha mjomba. Tulipofika kwenye daraja la miti likasimama. Wenzangu wakavuta kamba mbele, mimi nikapiga kelele nyuma, wapi! Limekaza miguu, linatutazama kana kwamba sisi ndio tunaopelekwa kuuzwa. Tukakaa chini tumechoka. Hapo akapita msichana na mkungu wa ndizi kichwani, anaimba peke yake, hata salamu hakutupa. Akavuka daraja. Na lile dume, nisikudanganye, likamfuata. Lilikwenda mbio, sisi tukaburutwa na kamba yetu wenyewe. Kule mnadani mjomba alibishana na mnunuzi mmoja kutoka Mbeya hadi wakatukanana, lakini hayo hayahusu. Linalohusu ni yule msichana. Ndiye mama Lusajo, mke wangu, na sauti aliyokuwa nayo siku ile ndiyo aliyoingia nayo kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Ikuti, akaimba humo hadi nywele zikawa nyeupe.

Mwaka juzi aliteleza shambani kwenye chai akavunjika nyonga. Ikaunga, lakini kilima cha kwenda kanisani hakiwezi tena. Mwanzoni wanakwaya walikuja kumwona, wakaimba sebuleni, halafu kila mtu akashikwa na shughuli zake, siwalaumu. Yeye akanyamaza. Simaanishi hakusema, kusema anasema, muulize jirani. Nasema hakuimba. Anamenya ndizi kimya. Anachagua maharage kimya. Mwenzenu nimelala na kuamka na wimbo wa mwanamke yule tangu ujana wangu, na ghafla nyumba ikawa kama ya watu waliohama.

Sasa, kabla hajaanguka alikuja fundi mmoja wa kurekodi, mgeni, aliyeletwa na watu wa kanisa. Aliwapanga wanakwaya duara, yeye na vipaza sauti vyake katikati, wakaimba mchana kutwa. Baadaye tukaletewa diski mbili. Ya kwanza tuliitia kwenye deki yetu ya siku zote ikaimba vizuri tu. Mama Lusajo akasikiliza kidogo akageuza uso. "Siyo sisi," akasema. "Hawa wamejipanga mstari kama wanapigwa picha. Sisi tulizungukana." Ya pili, inayong'aa rangi ya bluu, deki yetu iliitema. Nikaitia tena, ikaitema tena.

Nikampigia Lusajo, mwanangu, anafanya kazi Tunduma. Akacheka. "Baba, hiyo inataka deki ya zile diski za picha ang'avu, na iwe inayotoa sauti ya kuzunguka. Spika mbele, spika nyuma. Unakaa katikati kama uko ndani ya kwaya."

Neno hilo, ndani ya kwaya, lilininyima usingizi. Nikasema, nitaitafuta.

Alfajiri ya kuondoka mvua ilikuwa imeshika kama kawaida yetu. Mkamwana wangu, mke wa Lusajo, anayeishi hapa nasi, aliniwekea viazi kwenye mfuko akauacha juu ya kinu, akarudi jikoni. Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali atadhani tumegombana. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hatusalimiani, hatukai chumba kimoja, jina lake silitaji hata hapa. Nikikohoa uani, yeye anajua, anapita upande wa pili. Ni heshima. Wengi wameiacha, mchungaji wetu mwenyewe anakula meza moja na mke wa mwanawe. Sisi hatujaiacha, na sijui ni nani angeanza kuiacha, mimi au yeye. Basi nilivikuta viazi vina joto, nikasema kwa sauti nikitazama ukuta, "Ndaga fijo," yaani asante sana, nikaondoka.

Nilipata lifti kwenye lori linalokusanya majani mabichi ya chai. Dereva ananifahamu. Alinipandisha juu ya magunia, mahali panaponukia vizuri kuliko hoteli. Lori lilipokata kwenda kiwandani nikashuka, nikatembea hadi Kawetele kwa shemeji yangu Asajile, kaka wa mama Lusajo.

Kawetele, asubuhi bado. Asajile ni mtu wa kunidhihaki tangu siku ya mahari, na siku ile alikuwa amenywa chai tayari, ana nguvu.

"Shemeji, kunani? Dada yangu amekufukuza?"

"Nafuata deki ya mziki mjini."

"Mziki! Na magoti hayo? Unafungua baa Ikuti?"

Nikamwambia habari ya ukimya uliofuata ile nyonga, habari ya diski inayotemwa. Akaacha kucheka. Akasema dada yake alipokuwa mdogo, akiimba walikuwa wanamwambia nyamaza, na yeye Asajile ndiye aliyekuwa akimwambia zaidi. Tukala mbalaga, ndizi zetu za kupika na maharage. Halafu akanitolea tenga la kubebea nyanya na blanketi zito. "Vitu vya umeme havipendi kugongana," akasema. "Na usihangaike na maduka. Nenda Msasani, hapo hapo Tukuyu, kwa mama Subi, mjane. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu, alipenda mziki kuliko chakula. Anacho unachokitaka."

Nami, kwa kuwa shemeji hawezi kuwa sahihi, nikaenda madukani kwanza.

Tukuyu mjini, mchana. Maduka ya vifaa vya umeme yamepangana, kila moja limetoa sabufa nje linavuma hadi kifua kinatikisika. Niliingia la kwanza, nikaeleza. Kijana wa duka akaniwashia mtambo wenye taa za kijani na nyekundu zinazokimbizana.

"Mzee wangu, hii ndiyo yenyewe. Ina redio, ina flashi, ina rimoti."

"Diski inaingia wapi?"

"Diski ya nini tena, mzee? Siku hizi watu wanatumia flashi. Leta simu nikuwekee nyimbo zote."

"Kwaya ya Ikuti unayo?"

Akakuna kichwa. Hakuwa na kiburi, nasema kweli. Alimwita mwenzake wa duka la pili, huyo akamwita wa tatu, wakaishika ile diski kwa ncha za vidole, wanaigeuzageuza kwenye mwanga. Wa tatu akasema aliwahi kuona deki ya namna hiyo, lakini ilinunuliwa na watu wakaigeuza kigoda cha runinga. Walinipa kiti, walinipa soda, waliniombea heri. Watu wa mjini wanasemwa vibaya bure.

Alasiri, Msasani. Nyumba ya mama Subi niliionyeshwa na wauza mboga. Mwanamke mfupi, kitenge kimekazwa, macho yanapima mtu. Akanikaribisha sebuleni, na hapo ndipo nilipoiona: deki nyeusi, nyembamba, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate, na spika zake zimesimama kila pembe.

"Wamekuja wengi," akasema. "Wenye baa wanataka spika tu, deki wanasema niwape watoto wachezee. Nikawafukuza. Wewe unataka kusikiliza nini?"

Nikamtolea diski. Akaifuta kwa kitenge, akaisukuma ndani. Mimi nikashika mikono yangu miwili. Deki ikanguruma kidogo, ikatulia, namba zikaanza kuhesabu kwenye kioo chake. Haikuitema! Nikamwambia, "Zima, mama, zima! Asikie wa kwanza mwenyewe, mke wangu, aliyeimba humo." Akazima kabla sauti haijatoka. Akanitazama tofauti kuanzia hapo.

"Basi kaa kwenye kile kiti cha katikati," akasema, "nikuonyeshe kazi yake kwa diski ya marehemu."

Nikakaa. Ngoma zikaanza mbele, gitaa kulia kwangu, raha tupu. Mara mtu akaimba nyuma ya kisogo changu, karibu kabisa. Nikageuka nikasema, "Karibu, karibu ndani!" Hakuna mtu, ukuta. Mama Subi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ule ule upande wa kitenge.

"Usione aibu, baba. Na yeye siku ya kwanza aligeuka."

Akanieleza: tatu mbele, mbili nyuma ya msikilizaji, lile boksi la besi popote. Bei tulielewana haraka. Nadhani aliniuzia chini ya bei iliyokuwa moyoni mwake, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Siuzi, naihamisha." Tulifunga kila kitu kwenye blanketi la Asajile, naye akaongeza kile kitambaa cha kufuma juu. Nilipotoka alibaki mlangoni akitazama lile tenga, si mimi. Nikapunguza mwendo ili asione linaondoka haraka.

Jioni, njia ya kurudi. Nilikodi bodaboda, maana tenga na magoti yangu haviendi pamoja. Mvua ikatukuta kilimani. Dereva, mwanamume mwenye familia yake, akasimama, akavua koti lake la mvua. Nikadhani ananipa mimi, nikaanza kunyoosha mkono. Akalivisha tenga. "Wewe utakauka, mzee," akasema. "Kile hakikauki." Tukafika Ikuti tumelowa sote wawili, tunatetemeka na kucheka, deki kavu kama unga.

Nyumbani. Mama Lusajo alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mguu juu ya kigoda. "Umeleta nini tena?" Nikajikausha, nikaanza kupanga. Deki nikaiunga na runinga. Spika zote tano nikazipanga mbele, juu ya kabati, moja baada ya nyingine.

Najua. Mama Subi alinieleza vizuri. Lakini nyuma ya kiti cha mke wangu pana mlango wa jikoni, na mlango ule ni wa mkamwana. Tangu ameolewa sijaukaribia. Nilisema moyoni, tano ni tano, zitasikika hata zikiwa mbele.

Nikawasha. Kwaya ikatoka. Mama Lusajo akainamisha kichwa akasikiliza, nami nikasikiliza uso wake. Halafu akasema polepole, kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko angenitukana: "Baba Lusajo, umehangaika. Lakini ni wale wale wa kwenye mstari."

Nikakaa chini. Toka kule jikoni kukasikika minong'ono. Mama Lusajo akageuza sikio.

"Anasema mbili zije huku nyuma."

"Mwambie nyuma ni mlangoni kwake."

"Anakusikia, hajawa kiziwi," akasema mke wangu. Minong'ono tena. "Anasema na nyaya umechanganya, ya kulia iko kushoto. Alikuwa anafunga vitu hivi dukani Mbeya kabla hajaolewa. Anasema ukimruhusu atafunga."

"Aingieje na mimi nipo?"

"Si utoke!"

Akaanza kutabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi. "Toka, mtu mzima wewe. Mtoto wa watu amesimama na kijiko mkononi."

Nikakohoa kama desturi, nikachukua kofia, nikatoka mlango wa mbele, nikasimama chini ya upenu. Ndani nikasikia miguu, viti vinavutwa, mkamwana anamwuliza mama mkwe kama anasikia kote. Kisha kimya. Kisha kwaya ikaanza upya.

Nje sikusikia kuzunguka kokote, nakiri. Ukuta ni ukuta. Nilisikia tu kwamba nyimbo ni zile zile. Nikasikia mke wangu anasema, "Huyu! Huyu ni Anna, alikuwa bega langu la kushoto! Na mimi niko wapi? Mimi niko wapi?" Mkamwana akajibu kitu. Halafu ubeti wa pili ulipoingia kukawa na sauti moja zaidi ya zile za kwenye diski, inakwaruza, imechelewa kidogo kama mtu anayeshuka ngazi gizani, halafu ikakaa sawa. Nikaivua kofia. Baadaye ikaingia nyingine, changa, inajifunza sauti ya pili, na ile ya kwanza ikawa inaisahihisha katikati ya wimbo: "Chini! Shuka chini, mwanangu!"

Nilikuwa na hamu ya kuingia, msidhani sikuwa nayo. Nimesafiri siku nzima kwa ajili ya kile kiti cha katikati. Lakini nikiingia, mmoja lazima atoke, na nyuma ya mlango ule atabaki na kijiko chake, na mke wangu ataimbia nani?

Basi nawashukuru dereva wa lori, na Asajile ambaye kumbe alikuwa sahihi, na vijana wa soda, na mama Subi, na mwenye koti. Nilichojifunza ni kidogo: kitu cha kuzunguka watu kinataka watu wa kukizunguka, na mmoja wao si lazima awe mimi. Wimbo wa tatu ulipoanza nilivaa kofia yangu, nikashuka na njia ya migomba kuelekea kwenye chai. Kila jioni wakiiwasha natoka hivyo hivyo. Katika kile kiti cha katikati sijaketi hadi leo.