Viti vya Jirani

Nilipoomba msaada wa ada ya chuo, afisa wa elimu aliandika kwamba atakuja kwetu Temeke kuangalia kama kweli hatujiwezi. Mama yangu bwana! Mgeni akalishwe mkekani? Akaazima kwa majirani viti, zulia na vikombe vya kaure.

Afisa akanywa chai, akatazama huku na huku, akafunga mkoba. "Nyie mnajiweza."

Mara hodi! Jirani kapata wageni, anataka viti vyake. Afisa akasimama. Wa pili akafuata zulia. Wa tatu akangoja chai iishe, akabeba vikombe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Na huo mkeka pembeni?" afisa akauliza.

"Huo wetu," mama akajibu kwa maringo.

Afisa akaketi juu yake, akatia saini ombi langu.