Miti Minne ya Mama Yohana

Dorika alisoma kompyuta miezi mitatu Masasi, akarudi Newala mwaka tisini na nane kutunza rejista ya mikorosho ya chama cha wakulima. Soko huria lilikuwa limefika na busara zake: salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, iligawiwa kwa miti iliyoandikwa. Haikuandikwa, huna miti, hata kama imekuzunguka mpaka chooni.

Januari alinakili rejista nzima kwenye disketi sita, akaziandika "Ngazi 0". Kisha kila Ijumaa alinakili mabadiliko ya wiki ile tu kwenye disketi moja mpya, "Ngazi 1". Rejista ikipotea, unaanza na sifuri, unapandisha Ijumaa moja baada ya nyingine.

Mwezi wa tano, salfa ikiwa njiani, kompyuta ikafa. Dorika hakuogopa. Akafungua kabati: Ijumaa zote zipo. Zile sita hazipo.

"Shikamoo, mwenyekiti. Disketi za Januari ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Ambrosi, ambaye suti yake ya Kaunda ilikuwa na mifuko minne na haikubeba kitu. "Nilisafisha ghala kupokea salfa. Vya zamani vyote nikachoma na magunia ya msimu uliopita. Mpya si hizo hapo?"

Dorika akainua disketi moja ya Ijumaa. "Mpya zinasema Mama Yohana kaongeza miti minne. Juu ya mingapi?"

"Juu ya ile ya zamani."

"Uliyoichoma!"

"Usinipandishie sauti! Kesho mkutanoni nawaambia karani kapoteza rejista. Katafute kazi kwingine."

Na kweli, kesho yake akawaambia wanachama hivyo hivyo, tena kwa huzuni nzuri kabisa. Dorika hakungoja kupewa nafasi. Akazimwaga disketi mezani, akaeleza moja moja.

Mama Yohana wa kijiji cha Mnyambe akasimama. "Kwa hiyo mimi nina miti minne?"

"Kwa disketi hizi, mama, ndiyo."

"Na mia mbili aliyopanda marehemu Baba Yohana?"

"Imechomwa pamoja na magunia. Muulize mwenyekiti."

Watu wakamgeukia Ambrosi. Akaanza kueleza usafi wa ghala.

"Nyamaza, baba," alisema Mama Yohana. "Miti yote utaihesabu wewe. Kwa miguu. Karani aandike."

Wiki tatu walizunguka Mnyambe hadi Chilangala, mzee akihesabu kwa sauti, suti imeloa mgongoni. Akiruka mti mmoja, Dorika humrudisha mwanzo wa shamba.

Ngazi 0 mpya aliinakili mara mbili. Seti ya pili iko kwenye sanduku la Mama Yohana, chini ya khanga, na ufunguo anao yeye.