Kelele za Nyumba Yetu Wenyewe

Mtoto wetu alipozaliwa, mimi na mume wangu tulihamia mtaa wa Kaloleni kwa mama mkwe. Nilikuwa katikati ya tasnifu yangu ya uzamivu katika sheria, mume wangu alikuwa akifundisha hisabati chuoni, na kati yetu hapakuwa na aliyejua kumbeba mtoto mchanga bila kuonekana kama amebeba trei ya mayai. Mama mkwe alitupokea kwa furaha. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, na katika sebule yake, karibu kila alasiri, alifundisha kwaya ya kanisa.

Tasnifu yangu ilihusu kelele. Nilitaka kujua ni wakati gani sauti ya jirani huacha kuwa sauti tu na kuwa kero ambayo sheria inaweza kuizuia. Mimi nimezaliwa mtaa wa Shauri Moyo, nyuma ya mafundi wanaogonga mabati mpaka yawe masanduku, kwa hiyo nilikua nikidhani watu wote duniani huongea kwa kupaza sauti. Mama mkwe aliniita "wakili", ingawa sijawahi kusimama mbele ya hakimu.

"Wakili, hiyo kesi yako ya kelele itakwisha lini?" aliniuliza huku akimpakata mtoto.

"Si kesi, Mama. Ni utafiti."

"Haya. Na huo utafiti utakwisha lini?"

Nilikuwa nimesoma hukumu nyingi na sikuwa nimeongea na jirani hata mmoja. Wifi yangu, ambaye alikuwa akisomea siasa na alikuja kula kwetu kila Jumapili, ndiye aliyenizindua. Aliniambia sheria peke yake haitanieleza kwa nini watu wengi wanaosumbuliwa hawalalamiki. Mume wangu naye akadakia kwamba kama angepata vipimo vya sauti, angeweza kuchora ramani ya mtaa mzima. Rafiki yake wa idara ya fizikia akatukopesha vipima sauti, visanduku vidogo kama redio ya mfukoni. Hivyo ndivyo utafiti wangu mmoja ulivyogeuka kuwa wa ukoo.

Tulizunguka mlango kwa mlango kuomba ruhusa ya kuvifunga. Vile visanduku vilipima ukali wa sauti tu, havikurekodi maneno, na jambo hilo ilibidi nilirudie kila mahali, kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusema ambalo hakutaka jirani alisikie. Kimoja tulikifunga barazani kwetu, ili pasiwe na pengo kwenye ramani. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mkosaji ni gereji iliyo kando ya barabara.

Jumapili moja baada ya chakula, mume wangu alifungua tarakilishi mezani kutuonyesha ramani. Alikuwa amechora sauti kama vilima kwenye vitabu vya jiografia: penye utulivu ni tambarare, penye kelele ni kilele, na kilele kimepakwa rangi nyekundu. Gereji ilikuwa kichuguu tu. Mlima wenyewe ulikuwa mahali pengine.

"Hapa ni wapi?" nilimuuliza.

Alikohoa kidogo. "Hapa ni hapa."

Wifi yangu alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Mama mkwe alikuwa jikoni, akiimba.

Hatukumwambia siku ile. Tulikuwa tumewaahidi watu wote kwamba hatutataja nyumba ya mtu, na ahadi ile ilimhusu yeye pia. Lakini kazi yangu ilinitaka niende kwa majirani kuwauliza kama wanasumbuliwa, na nilijua nikienda nitaulizia kelele za mama mkwe wangu mwenyewe.

Nilianza na mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa halmashauri. Nilifika wakati kwaya inafanya mazoezi.

"Kelele?" alisema, akipaza sauti ili nimsikie. "Kelele gani?"

Sauti za soprano zikapanda. Akatabasamu.

"Binti yangu, mke wangu alipofariki, hawa watu walikuja kuimba hapa bila kuitwa, mpaka tukamzika. Sasa niende kortini nikamshtaki nani?"

Katika nyumba ya nyuma alikaa muuguzi kijana aliyefanya kazi zamu ya usiku. Yeye aliniangalia kwanza, akaniingiza ndani, akafunga mlango, kisha akaongea polepole.

"Si ati nawachukia. Mathe, huyo mkwe wako, ni mtu poa, nikiwa mgonjwa ndiye alikuwa ananiletea uji. Lakini mi hulala mchana, na saa ile usingizi umeshika ndio wanaanza. Sasa nitamwambia aje, kwa maneno gani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa kitu ambacho vitabu vyangu vyote havikuwa vimenipa. Watu hawa hawakukosa haki wala mahakama. Walikosa namna ya kusema bila kumuumiza mtu waliyempenda.

Tulikuwa tumeahidi kuwaonyesha wakazi matokeo, basi tukakutana katika ukumbi wa mtaa. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, kitambaa cha kanisani kichwani, mtoto mapajani. Ramani ilipotokea ukutani, aliinamia mbele.

"Hapo pekundu ni kwa nani?" akauliza.

"Mama, hairuhusiwi kutaja," mume wangu akajibu. Alitazama ukuta badala ya kumtazama.

"Sitaki unitajie. Nauliza tu, pako karibu na bomba la maji?"

"Pako karibu."

"Mlango unaangalia uwanja?"

Ukumbi ulianza kucheka chinichini. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Basi ni kwangu," alisema. Hakukasirika, ila uso ulimwiva kwa aibu, na mimi nilitamani kumshika mkono. Akasimama akageukia watu. "Tunawasumbua? Semeni."

Muuguzi alikuwa akitazama viatu vyake. Hapo ndipo wifi yangu alipoomba watu wote wafumbe macho, kama watoto wa shule, na anayesumbuliwa na mazoezi ainue mkono. Mama mkwe naye alifumba. Mikono iliinuka, si mingi, lakini ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia. Ule wa muuguzi ulipanda hadi karibu na sikio ukaishia hapo. Wifi alipomwambia mama yake kwamba wanaosumbuliwa wapo, mama mkwe hakuuliza ni nani. Aliuliza ni saa gani hasa wanapoumia, na waimbaji wenzake wakaanza kubishana papo hapo kuhusu siku na mahali.

Waliafikiana kwamba mazoezi yahamie pale ukumbini, Jumamosi alasiri. Sebule yetu ikawa kimya, na ukimya huo ulituletea taabu yake: mtoto alikuwa amezoea kulala kwa sauti za kwaya, na sasa alikataa kabisa. Ikawa kazi ya mume wangu kumwimbia. Anajua hesabu za mawimbi ya sauti kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hawezi kushika noti moja. Mtoto alimsikiliza kwa mshangao, kisha akalala, pengine kwa kuchoka.

Mimi niliiandika upya sura ya mwisho, ikawa kuhusu majirani wanaojua sheria iko upande wao na bado wasiitumie, na kuhusu kinachohitajika ili wapate kusema. Msimamizi wangu aliisoma akasema hiyo ndiyo tasnifu, zile sura nyingine ni njia ya kufikia hapo. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza kama ninaweza kuaminika nikimchunguza mama mkwe wangu. Nilimwonyesha kurasa za mwanzo, ambapo nilikuwa nimeeleza uhusiano wetu wazi, kisha nikamwambia ukweli: nisingekuwa mkwe, yule muuguzi asingenifungulia, kwa sababu angenichukua kama mgeni tu. Walishauriana kwa muda, wakanipitisha, nikibakiwa na masahihisho madogo.

Nilifika nyumbani nikiwa na habari hiyo mdomoni, nikakuta watu wote wamepiga magoti sakafuni. Mtoto alikuwa ameachia kiti na kutembea peke yake hadi mlangoni. Mama mkwe alinivuta nami nikae chini, nifungue mikono kumpokea, na kwa wiki nzima iliyofuata hakuna aliyekumbuka kuniuliza habari ya tasnifu.