Banda la Kupumzishia Macho

Mbeyu wa Gongoni amekwangua chumvi miaka kumi na tisa, na ukitaka kumuudhi, muonee huruma. Atakuonyesha viganja vyake vilivyokauka, kisha atakutajia binti yake, Kabibi, aliye mwaka wa mwisho wa kusomea usanifu wa majengo huko Mombasa. Hapo tafuta pa kukaa, maana hutaondoka upesi.

Mwezi wa nne Kabibi alikuja nyumbani na mfano wa jengo alioutengeneza kwa kadibodi na gundi. Ulikuwa mradi wake wa kumalizia masomo: mahali pa kupumzikia wafanyakazi wa chumvi. Zilikuwa zimebaki siku tisa auweke mbele ya walimu, na asipowaridhisha angerudia mwaka mzima.

"Mayo, wazo langu kuu ni chembe ya chumvi," alimwambia mama yake. Kuta nyeupe, paa jeupe, sakafu nyeupe, vioo kila upande. "Nimetaka kuwaheshimu."

Mbeyu aliutoa mfano nje, akauweka juani, akainama kuchungulia. Macho yakaanza kumtiririka machozi. Alijua mwanawe alivyokesha kwa kazi ile, na moyo ulimuuma. Lakini kumdanganya angemdanganyaje?

"Ni mzuri, mwanangu. Ila mimi siingii humo."

"Kwa nini?"

"Kutwa nzima weupe wanichoma macho. Tukitoka mabwawani, kabla hatujasemeshana, twaosha miguu kwa maji matamu, chumvi isitutoe vidonda. Kisha twaingia banda la makuti, mle gizani, twakaa kimya hata macho yarudi. Hapa giza liko wapi? Maji yako wapi?"

Kabibi alinuna, na chakula hakukigusa. Lakini asubuhi alimfuata mama yake kazini bila kuitwa, akavua viatu, akakwangua chumvi hadi adhuhuri. Alipofika mlangoni mwa banda hakuona kitu. Akapapasa hewani huku wanawake wakimcheka na kumsogezea nafasi. Akaketi kati yao. Nyuso zao zilipoanza kumjia moja moja, aliushika mkono wa mama yake.

"Nimekosea tangu mwanzo, Mayo. Nimewajengea kazi yenyewe, nikasahau mapumziko."

Alirudi nyumbani akauvunja mfano wote. Mfano wa pili ulikuwa na kuta nene za rangi ya udongo, vidirisha vidogo juu kabisa, ujia uliopinda ili mwanga upungue taratibu, na mlangoni, birika refu la kuoshea miguu.

Siku ya kuuweka mbele ya walimu, Mbeyu aliketi viti vya nyuma vya ukumbi wa chuo na leso yake mpya. Mwalimu mmoja aliinama kwenye mfano, akakunja uso.

"Mbona chumba chako kina giza hivi?"

"Mwenye wazo yuko kule nyuma," Kabibi alijibu. "Naomba ajibu yeye."

Mbeyu alisimama. "Shikamoo, mwalimu. Njoo Gongoni ukwangue chumvi hadi adhuhuri, kisha uniulize tena."

Ukumbi ulicheka, na mwalimu akacheka zaidi yao. Kabibi alifaulu.

Watu walipoanza kutoka, Mbeyu aliisogelea michoro ya Kabibi iliyotundikwa ukutani. Jina lake alikuwa amezoea kuliona kwenye orodha ya zamu tu. Chini ya mchoro mkubwa aliyasoma maandishi polepole, kwa kidole: Wasanifu, Kabibi Lewa na Mbeyu Ngumbao. Akayasoma tena kwa sauti, ili waliobaki ukumbini wasikie.