Ngumi Moja ya Ugali

Mume wangu Anyona ni karani wa kituo cha chai hapa Ekerenyo. Kazi yake ni kupima majani ya wakulima na kukataa yaliyokomaa. Sukari ilipompanda, daktari alimwambia ugali wake usizidi ngumi moja. Basi akaja na mzani wa chai, akauning'iniza jikoni, akatundika ngumi yake kwenye ndoano aone ina kilo ngapi.

"Baba Linda," nikamwambia, "utaipimaje nawe mwenyewe umeishikilia?"

Aliandika nusu kilo.

Alishika mpango siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa Sabato, na kwenye chakula cha kanisani akala tonge moja la ziada. Alirudi amenuna. Akasema siku imeshaharibika yote, kisha akamaliza ugali wa nyumba nzima, kuku, na nusu mkungu wa ndizi. Wiki iliyofuata ziliharibika siku tano, kila moja kwa tonge moja.

Jioni moja mezani nikawaka. "Mkulima kama Nyanchoka akikuletea gunia lenye jani moja bovu, unamwaga gunia?"

"La. Anachambua, anatoa bovu, napima yaliyobaki."

"Na siku yako je?"

Akamega tonge lililozidi, akaliweka kwenye sahani yangu, akaendelea kula kwa amani.

Sukari yake imeshuka. Mimi, ninayekula yaliyokataliwa, daktari ananingoja Jumatatu.