Yule Mwanamke wa Nyotani, Alijibiwa?

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, mjini Kisii, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilikuwa kijana wa kuendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa Bwana Omwenga. Kwa kuwa filamu zilikuwa za Kiingereza, nilisimama kando ya mashine nikiwaeleza watu maneno kwa Ekegusii.

Siku hiyo, mwanangu, tulipata filamu ya ajabu. Mwanamke anaishi peke yake kwenye nyota ya mbali. Anatuma swali nyumbani, kama mama yake yu hai, na sauti huchukua miaka kufika. Basi anangoja. Anafagia, anapika, anatazama giza dirishani. Hakuna bunduki wala ngumi.

Watu walivumilia kidogo, kisha miluzi ikaanza. Ong'era, fundi seremala wa Kiogoro, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Huyu mama anangoja nini? Tuletee vita!" Akatoka, na wengi wakamfuata. Bwana Omwenga alinijia amekasirika.

"Zima hiyo kitu! Unanifukuzia wateja."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Ndipo mama mmoja wa Gesima, Kwamboka, akasimama. Mwanawe alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, na kwa muda mrefu hawakusikia habari zake.

"Omwenga, tafadhali usizime," alisema. "Nataka kujua kama atajibiwa."

Omwenga alimtazama, akaketi nyuma yake. Nikaendelea. Jibu lilipofika, yule mwanamke alikuwa na mvi. Ilikuwa sauti ya mama yake, aliyekufa sauti ikiwa bado njiani, ikisema, "Niko hapa, mwanangu. Nakusikia." Nilipoyatafsiri maneno hayo, Kwamboka alilia bila kujificha.

Filamu ile haikuonyeshwa tena kwetu. Lakini miaka ilipita, na binti yake Ong'era akaolewa mbali, pwani. Siku moja Ong'era alinisimamisha njiani, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, yule mwanamke wa nyotani, alijibiwa?"

Tuliketi ukingoni mwa barabara nikamsimulia yote. Akasema, "Laiti ningalikaa." Na si yeye tu, wengine waliotoka siku ile waliniuliza vivyo hivyo. Zile za ngumi nilizoonyesha kila wiki, hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, hata mimi nimezisahau.

Umenipigia simu ukilia, mwanangu, kwamba watu walitoka katikati ya filamu yako kwa sababu inakwenda polepole. Usiikate ili kuwafurahisha wenye haraka. Mtu huja ukumbini amechoka, anataka kusahau shida zake, usimlaumu. Ila swali la kweli atakwenda nalo nyumbani, na siku maisha yatakapomuuliza lilelile, atakutafuta. Wewe litengeneze vizuri, kisha umwachie nafasi.

Mungu wa baba zetu aibariki mikono yako, akupe moyo usioogopa viti vitupu, na kila kazi yako impate mtu wake.